Kumfunika Mama

Mtoto alizaliwa Jumanne saa nne asubuhi, na aliyekandwa maji ya moto ni mimi.

Sikupanga hivyo. Kanuni ya wachukuzi ni fupi, hata mimi niliyesoma darasa moja hapa na darasa jingine kule naikumbuka yote: fikisha mtungi, kaa mpaka mtoto atoke, kitovu kikishakatwa vua mikanda, bonyeza dole gumba kwenye kioo cha nesi, uwe umeondoka kabla jua halijazama. Usimshike mtoto. Usimpe jina. Usiulize habari zake baadaye. Nilikuwa nimefanya hivyo mara kumi na moja, na kila mara jua lilinikuta barabarani, tumbo jepesi, natembea kama mtu aliyesahau kitu asijue ni kitu gani.

Huyu wa kumi na mbili alitolewa kwa mama yake akiwa na wiki kumi, urefu wa kiungo kimoja cha dole gumba. Wakamhamishia kwenye mtungi, mtungi wakaufunga tumboni kwangu. Nikatembea naye wiki ishirini na nane, Korogwe, Mombo, Hedaru, Makanya, narudi, nakwenda tena, mpaka nikapanda naye milimani Mbaga, nyumbani kwa Bibi Namsifu, ambako binti yake Naelijwa alikuwa amelala kitandani kifua wazi, anamsubiri.

"Kaa hapo, Mzee Mihambo," nesi Tumwagile akaniambia, akanionyesha kigoda. "Tanua miguu. Nashusha joto la maji sasa. Mtungi utaanza kukaza."

Wachukuzi wote wanasema mtungi ukikaza hauumi. Waongo. Mtoto lazima akamuliwe ili maji yaliyomo kwenye mapafu yatoke. Wale wa mwanzo waliotolewa bila kukamuliwa walikuja duniani wakikoroma kama buli. Kwa hiyo ngozi ya mtungi inajibana, inaachia, inajibana, na kila ikijibana mikanda inavuta kiuno chako kama inataka kukigawa. Nikauma meno.

Bibi Namsifu alikuwa amepiga magoti mbele yangu. Hakuna aliyemwita.

"Sukuma, baba!"

"Bibi, hakuna cha kusukuma," nesi akasema. "Mtungi unajisukuma wenyewe."

"Hata sisi tulipokuwa tunazaa, manesi walituambia tusisukume. Sukuma, Mnyamwezi! Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka pwani, wewe unashindwa na katoto?"

Sijui nisemeje. Nikasukuma. Nilisukuma kitu ambacho sikuwa nacho, na mdomo wa mtungi ukafunguka, kikatoka kichwa kilichochongoka, cheupe kwa ule utando wa mafuta, halafu bega, halafu mtoto mzima kwa mara moja kama samaki anayeponyoka mkononi. Msichana. Nesi akamgeuza, akamfuta mdomo. Akalia. Alikuwa wa samawati, akawa wa zambarau, akawa mwekundu. Kilo tatu na gramu mia moja. Kitovu kikabanwa, kikakatwa, akalazwa kifuani kwa mama yake.

"Mama yupo," Naelijwa akasema. "Mama yupo hapa, mwanangu. Karibu. Karibu."

Mtoto akalia zaidi. Akajipinda mgongo, akarusha mikono, vidole vimetanuka. Naelijwa akazidi kumsemesha, na kadiri alivyomsemesha ndivyo yule mtoto alivyolia, mpaka kidevu kikawa kinatetemeka.

Mimi nilikuwa nahangaika na mikanda. Nikamwambia nesi, "Hii bizimu imekwama."

Mtoto akanyamaza.

Akanyamaza kabisa. Akageuza kichwa, polepole, shavu likikwaruza kifua cha mama yake, mpaka akaelekea upande wangu. Macho yake yalikuwa hayaoni mbali zaidi ya mkono, lakini aliyaelekeza kwangu.

Nikafunga mdomo. Akaanza kulia tena.

Nesi Tumwagile akaniangalia, halafu akaangalia kifaa chake. "Kisahani cha sauti ya mama kimecheza masaa mia nane na arobaini," akasoma. "Hakuna siku iliyokatika. Sielewi."

Nilielewa mimi. Nikainamia bizimu.

"Bibi, jua halijafika hata katikati," nikasema. "Nikishuka sasa nitawahi Same."

"Kushuka na nani?" Bibi Namsifu akasimama, mikono kiunoni. "Naelijwa, huyu ndiye aliyechukua mimba?"

"Ndiye, mama."

"Na aliyezaa?"

Naelijwa alikuwa anajaribu kumwekea mtoto chuchu mdomoni.

"Nyumba hii," Bibi akasema, "mzazi hatoki nje siku arobaini. Simjui aliyeandika kanuni zenu, lakini hakuwahi kuzaa. Maji yako jikoni. Vua shati."

* * *

Basi nikakandwa. Mzee wa miaka sabini, nimelazwa kwenye mkeka, mama mwenye miaka sabini na sita ananikanda tumbo kwa kitambaa cha maji yanayochemka, anasema nyumba ya mtoto lazima irudi mahali pake, namwambia mimi sina nyumba ya mtoto, ananiambia nyamaza. Akanifunga kanga tumboni, akaikaza mpaka nikapumua nusu nusu. Akaniletea bakuli la mtori na uji wenye pilipili manga.

"Kunywa. Maziwa yaje."

"Bibi!"

"Nakutania. Kunywa."

Alicheka peke yake. Mimi sikucheka. Nilikuwa nasikiliza chumba cha pili, ambako mtoto alikuwa amelia mpaka amechoka na sasa alikuwa anatoa sauti ndogo kama mlango usiotiwa mafuta.

Ningeweza kuondoka. Bibi hakuwa na nguvu za kunizuia, na mlango ulikuwa wazi. Nimeondoka kwenye nyumba nyingi kwa sababu ndogo kuliko ile. Lakini miguu haikuniambia lolote. Tangu nina miaka kumi na mitano miguu yangu ndiyo inaniambia twende, na ndiyo maana shirika la mitungi lilinipenda. Mitungi ya kwanza ilipangwa kwenye rafu za kituo chao, joto sawa, chakula sawa, na watoto wakatoka wazima wa viungo, lakini ukimwinua tu anapiga kelele kama anaanguka. Hawakuwahi kutikiswa. Lile sikio la ndani linalomwambia mtu hapa juu, hapa chini, halikuwa limefundishwa. Ndipo wakatafuta watu wa kutembea. Wengine walijifunza kazi. Mimi walinikuta nayo.

Siku ile miguu ilinyamaza, nami sikujua nifuate nini.

Siku ya pili nesi alimpima. Siku ya tatu akampima. Mtoto alikuwa ametoa ule uchafu mweusi wa kwanza, hilo lilikuwa zuri. Maziwa ya Naelijwa yalikuja, kwanza yale mazito ya njano, halafu yakajaa mpaka kifua kikawa kigumu kama jiwe, kwa sindano alizochomwa wiki tatu kabla. Maziwa yalikuwepo. Mtoto alikuwepo. Lakini akiwekwa kifuani na mama yake akaanza kumwongelesha, analia, anakunja ngumi, anageuza uso. Naelijwa akinyamaza, anatafuta, anahangaika, anatafuta sauti fulani chumbani, haipati, analala na njaa.

Nikikohoa chumba cha pili, ananyonya.

Hilo waligundua siku ya tatu. Bibi alinibishia kuhusu chumvi ya mtori, nikamjibu kwa sauti, na Naelijwa akapiga kelele kutoka chumbani: "Ameshika! Ameshika! Endelea kusema, mzee!"

"Niseme nini?"

"Chochote!"

Nikasema chochote. Nikasimama mlangoni, mgongo umeelekea ndani kwa heshima, nikataja vituo vya barabara ya zamani kimoja kimoja, na nyuma yangu nikasikia mtoto anameza. Ni sauti ndogo sana. Ukiisikia mara moja huisahau.

Nilipofika Makanya nikasikia na kitu kingine. Naelijwa alikuwa analia, na alikuwa anajizuia isije ikasikika.

* * *

Sasa niseme nilichofanya.

Mtungi una ngozi mbili. Kati yake kuna maji, na kwenye ngozi ya ndani kuna kondo la mashine linalompa mtoto damu yenye hewa na chakula. Mbele, chini ya kitovu cha mchukuzi, kuna kisahani cha sauti. Mama anarekodi nyumbani kwake kila jioni, shirika linatuma, kisahani kinamchezea mtoto kesho yake asubuhi na jioni. Ni kwa sababu masikio yanaanza kufanya kazi wiki ya kumi na nane, na wiki ya ishirini na tano, ishirini na sita, mtoto anasikia vizuri na anaanza kuweka akiba. Sauti anayoisikia wiki hizo ndiyo atakayoijua akitoka.

Shirika linawaambia akina mama kwamba mchukuzi hasikii kitu. Si kweli. Kisahani kinapocheza, mfupa wa nyonga unakibeba mpaka kwenye sikio lako. Unasikia kama mtu anaongea ukiwa umelaza kichwa mezani.

Wiki za mwanzo sikuwa na shida. Moyo wake ulikuwa unadunda kwenye kioo kidogo cha mkanda, harakaharaka, kama mtu anayekimbia barazani. Wiki ya kumi na mbili vidole. Wiki ya ishirini alinipiga teke la kwanza, Hedaru, darajani, nikakaa chini nikacheka peke yangu kama mwehu. Alipata kwikwi karibu kila siku baada ya mimi kula. Sauti ya Naelijwa ilikuwa inamsimulia habari za kawaida, mvua, mahindi, bibi yako kagombana na fundi paa. Sauti nzuri. Niliipenda.

Wiki ya ishirini na tano ikabadilika.

Siku moja asubuhi nimekaa kwenye shamba la mkonge lililoachwa, nafunga viatu, kisahani kikaanza, nikamsikia anasema: *Mwanangu, leo nakuambia kweli. Kabla yako walikuwepo watatu. Mwili wangu uliwaangusha wote watatu. Wa mwisho nilikuwa nimeshamshonea kofia. Sijui kwa nini. Kwa hiyo usiniamini sana. Nimekutoa mapema ili nisikuangushe na wewe. Usinizoee, usije ukaumia.* Akalia. Jioni yake akasema tena. Kesho yake tena. Kila siku usiniamini, usinizoee, kwa sauti ileile nzuri.

Na mtoto ndio kwanza masikio yamefunguka.

Wachukuzi tuna ujanja mmoja. Ukizima kisahani, kioo cha mkanda kinaandika, kituo kinajua. Lakini ukikunja kipande cha sponji ukakibana kati ya kisahani na ngozi ya mtungi, kisahani kinacheza, masaa yanahesabiwa, ila ndani hakiendi kitu. Wenye kupenda usingizi ndio walioanza. Tunaita kumfunika mama. Sikuwahi kufanya. Nilikuwa nawasema waliofanya.

Nikakata sponji kwenye begi langu la mgongoni, nikamfunika.

Nilisema ni siku moja, mpaka mwanamke huyu apate nafuu. Siku ya pili nikasema kesho. Na kwa kuwa ndani kulikuwa kimya, na mtoto amezoea kusemeshwa, na mimi nimetembea miaka hamsini na tano bila mtu wa kuongea naye, nikaanza kumwambia habari. Mbuzi aliyelala juu ya kaburi. Mzungu mwenye baiskeli ya mbao. Nilimwita Mwenzangu. Wiki ya ishirini na nane macho yake yalifunguka, nikikaa juani nikafungua shati anageukia kwenye mwanga. Nikamwambia, Mwenzangu, hilo ni jua, utalichoka. Wiki ya thelathini na mbili akageuka kichwa chini. Sikuondoa sponji. Sijui kama naye mama aliacha kusema yale maneno, labda aliacha wiki iliyofuata. Sikumsikiliza tena; kisahani kikianza, mimi nilikuwa naongea juu yake. Sponji niliitoa asubuhi ya Jumanne ile, nikaitupa kwenye majani ya migomba kabla sijabisha hodi.

Nilifanya vizuri au vibaya? Nimejiuliza hilo nikiwa nimelala kwenye mkeka wa Bibi Namsifu na kanga tumboni, na kila nikilipindua lina upande wa pili.

* * *

Siku ya tano mtoto alikuwa na kilo mbili na gramu mia saba na ishirini. Midomo ilikauka. Utosi ulikuwa umebonyea kidogo, nesi akaugusa kwa kidole, akanyanyua uso.

"Kupungua siku za mwanzo ni kawaida," akasema. "Lakini si hivi. Mzee Mihambo hawezi kuimba mlangoni masaa ishirini na nne. Akishuka chini ya mbili na mia sita, nampeleka kituoni, atalishwa kwa mpira. Na kituo hakirudishi mtoto mpaka kiridhike kwamba anamkubali mzazi. Nimeona wakikaa mwaka."

Bibi Namsifu alikuwa anapepeta mchele. Ungo ukasimama.

"Amkubali?" Bibi akauliza. "Yeye ni nani akubali? Ana siku tano."

"Bibi, sikuandika mimi."

"Hakuna aliyeandika mambo yenu. Kila mtu hakuandika."

Naelijwa alikuwa ameegemea ukuta, mtoto mapajani. Nywele hazijachanwa. Alisema bila kuinua macho:

"Mimi najua kwa nini ananikataa."

"Usianze," mama yake akasema.

"Najua, mama. Nilimwambia mwenyewe." Akamfunika mtoto miguu. "Kuna maneno nilimrekodia. Nilikuwa vibaya wakati ule. Nilimwambia asinizoee. Baadaye nilitamani kuyafuta, kituo kikasema yameshachezwa. Nikarekodi mengine mazuri, wiki kumi nzima nimemwomba msamaha. Lakini alishasikia. Mtoto wangu ni msikivu, ndiyo hivyo." Akatabasamu, na lile tabasamu lilikuwa baya kuliko kilio. "Amefanya nilivyomwambia."

Nilikuwa nimeshika bakuli la uji. Nikaliweka chini.

Nesi Tumwagile akavuta kiti chake karibu yangu. "Kuna njia," akasema, kwa sauti ya mtu aliyelifikiria usiku mzima. "Turekodi sauti ya Mzee Mihambo. Masaa mawili yanatosha. Tunaweka kisanduku kwenye mto wa mama, kinacheza kila akinyonyesha. Mtoto anaongezeka uzito, mzee anakwenda zake, kituo kinafunga faili. Sitaandika kwamba umekaa hapa. Hakuna wa kuumia."

"Maisha yake yote atalishwa na sauti ya mzee?" Bibi akauliza.

"Mpaka azoee, Bibi. Miezi michache."

"Sawa," Naelijwa akasema haraka. "Sawa. Kama atanyonya, sawa. Mzee, utakubali? Nakuomba."

Aliniomba mimi.

Sasa ona nilipokuwa. Nikikubali, mtoto anashiba, mimi nashuka mlima na kazi yangu mkononi, na yule mwanamke atabaki miaka yote iliyobaki anajua kwamba mwanawe alimsikia na akamwamini. Nikisema kweli, kazi imekwisha, huenda na kifungo, na sikuwa na hakika kweli yenyewe inamfaa nani. Mtoto hatashiba kwa kweli. Tena huenda mama atasimama atoke na mtoto, asitake hata kikohozi changu kisikike, na hapo ndipo mtoto atakapokwenda kwenye mpira. Nilitafuta upande ulio sawa nikaukosa. Kichwa kilikuwa kama gunia la karanga, ukitikisa kila kitu kinahama.

Nesi akabonyeza kifaa, taa ndogo nyekundu ikawaka. "Anza tu, mzee. Msimulie kama unavyosimulia."

Mtoto alikuwa macho. Nikafungua mdomo.

"Mwenzangu," nikasema.

Mtoto akageuka. Naelijwa akageuka pia, akaniangalia. "Unamwita Mwenzangu?"

Nikashindwa.

"Hakusikia," nikasema.

"Nani?"

"Mtoto. Hakukusikia. Nilikufunika. Niliweka sponji kwenye kisahani wiki ya ishirini na tano mpaka ile Jumanne. Hakusikia ulivyomwambia asikuzoee, na hakusikia ulivyomwomba msamaha. Hajawahi kusikia sauti yako hata siku moja tangu masikio yake yakamilike. Hakukatai, mwanangu. Hakujui."

Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka. Nesi aliikumbuka, akaizima, halafu akakaa na kile kifaa mikononi kama mtu aliyepewa kitu cha moto.

Bibi Namsifu alisimama na ungo wake. Nilifikiri atanipiga nao, na ningekaa nipigwe. "Nimekukanda," akasema. "Kwa mikono hii. Nimekupikia mtori."

"Ndiyo, mama."

"Mwizi wewe."

"Ndiyo."

Naelijwa hakupiga kelele. Uso wake ulifanya mambo ambayo sikuweza kuyafuata, kama anga ya Machi. Akasema polepole: "Walisema mchukuzi hasikii."

"Tunasikia."

"Ulisikia yote? Habari ya kofia?"

"Nilisikia."

Akajifunika mdomo. "Na yeye hakusikia."

"Hakusikia."

"Hata neno?"

"Hata neno."

Akaanza kulia, na safari hii hakujizuia, akalia na kucheka pamoja, akasema, "Hakusikia, mama, hakusikia," halafu palepale akanigeukia macho makavu. "Wiki kumi na tatu! Ulikuwa na haki gani? Nilikuwa nakaa na kile kinasa sauti kila jioni, nimejifungia chooni nisisikiwe, nasema na nani? Na sponji?"

Mtoto, kwa kelele ile, alikuwa ameanza kulia naye.

"Nitaripoti," nesi akasema taratibu. "Lazima niripoti, Mzee Mihambo. Unajua."

"Ripoti."

"Ripoti keshokutwa," Naelijwa akasema. "Keshokutwa, Tumwagile. Nipe siku mbili." Akamwinua mtoto begani, akaanza kumpigapiga mgongo, haisaidii. Akanitazama kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwa mtu anayekuhitaji. "Ulimwambia nini?"

"Habari za barabarani tu."

"Nataka zote. Njoo ukae hapa. Sema polepole, nusu nusu. Wewe utasema, na mimi nitasema hivyohivyo baada yako."

* * *

Ndivyo tulivyofanya. Mimi chini kwenye mkeka, yeye kitandani. Nasema, alikuwepo mbuzi Makanya. Anasema, alikuwepo mbuzi Makanya. Nasema, mbuzi huyo alilala juu ya kaburi. Mtoto akisikia sauti yangu anashika chuchu, ikija ya mama yake anaachia, yangu anashika, yake anaachia, kama mtu anayevuliwa shati na kuvishwa. Siku nzima hivyo. Bibi alileta chakula, cha kwangu akakiweka chini mbali kidogo, nikawa nakifuata kwa kujiburuta. Maji ya kunikanda hayakuja tena. Kanga yake alinidai, nikaivua nikampa.

Siku ya sita jioni nesi alimpima: mbili na mia sita na sitini. Akaanza kufunga mkoba wa safari.

Siku ya saba kitovu kikadondoka, kikavu kama kipande cha mzizi. Bibi akakichukua akaenda kukizika mahali pao. Asubuhi ile tulikuwa tumefika kwenye habari ya daraja la Hedaru, siku niliyopigwa teke. Sauti ya Naelijwa ilikuwa imekwaruza kwa kusema. Nikasema, maji yalikuwa yamejaa. Akasema, maji yalikuwa yamejaa. Nikasema, nikakaa chini. Akasema, nikakaa chini.

Mtoto aliachia, akasubiri. Hakulia. Alikunja paji la uso kama mzee anayedaiwa jibu.

Nikavuta pumzi niseme lile la mbele.

"Na mimi nilikuwa huku," Naelijwa akasema kabla yangu, "nashona. Nilijichoma sindano, nikakasirika, nikaitupa dirishani. Bibi yako akaikanyaga."

Hilo halikuwa la kwangu. Sikulijua. Nilifungua mdomo kumrudisha kwenye daraja, kwa sababu mtoto alikuwa bado hajashika, na nesi alikuwa mlangoni ameshasimama na mkoba, na niliogopa.

"Nyamaza, mzee," Naelijwa akasema. "Alipiga kelele, bibi yako, kijiji kizima kikaja. Akasema ameumwa na nyoka."

Nilikuwa na neno tayari ulimini. Nikalimeza. Chumba kizima kikabaki na sauti moja, ile ya mwanamke, imekwaruza, inaeleza habari ya sindano na mguu wa bibi. Halafu chini yake nikasikia ile nyingine, ndogo: meza, pumua, meza.

Nesi akauweka mkoba chini, mkono bado umeushika.

Kifua kiliniwasha, nikakohoa kidogo, sikuweza kujizuia.

Mtoto hakugeuka.